Kuzunguka Tanzania kwa basi, taratibu na kwa hela ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilizunguka nchi kwa basi wiki sita, begi moja mgongoni, na tangu nirudi maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Yameanza ya msingi, yale ya mara moja moja yako mwishoni. Kama jibu liko kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

Kusafiri taratibu maana yake nini hasa? Si unapanda basi unaenda?

Maana yake unakata njia vipande vipande. Siku ya kusafiri isizidi saa sita au saba, na kila mji unaoshuka unalala angalau usiku mbili. Mtu anayetoka Dar kwenda Mbeya kwa kawaida anapanda alfajiri anafika usiku, kilomita mia nane na zaidi kwa mkupuo mmoja, miguu imevimba, na njiani kapita milima ya Uluguru, Mikumi, bonde la mibuyu, Kitonga na mji mzima wa Iringa bila kugusa ardhi hata mahali pamoja. Mimi nasema hiyo miji ya katikati ndio safari yenyewe, huko mwisho ni mahali pa kugeuzia tu. Ukilala Morogoro, ukalala Iringa, unafika Mbeya ukiwa mzima na una cha kusimulia.

Nchi nzima inachukua muda gani?

Mzunguko niliofanya mimi ni Dar, Morogoro, Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, Kigoma, Tabora, Mwanza, Singida, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, Moshi, Lushoto, Tanga, kisha Dar tena. Ni zaidi ya kilomita 4,000. Kwa mwendo wa taratibu ni wiki tano hadi sita, chini ya hapo utakuwa unakimbizana na stendi.

Una wiki mbili tu? Usijaribu kuzunguka. Chagua kipande kimoja, aidha nyanda za juu kusini (Morogoro, Iringa, Mbeya, Tukuyu mpaka Matema kwenye Ziwa Nyasa halafu urudi) au kaskazini (Tanga, Lushoto, Moshi, Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma). Wiki mbili za kipande kimoja ni tamu kuliko wiki mbili za nchi nzima, hili nalisema kwa moyo wote maana safari yangu ya kwanza niliiharibu hivyo hivyo, miji tisa siku kumi na mbili na sikumbuki hata mmoja vizuri.

Msimu gani ni mzuri?

Juni mpaka Septemba mwishoni. Watu wengi wa pwani na kaskazini wanahesabu masika ya Machi hadi Mei na vuli ya kuanzia Oktoba, wanasahau kwamba huku magharibi na nyanda za juu kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, inaanza Novemba inaisha Aprili. Kwa hiyo ukienda Mpanda mwezi wa kwanza ukidhani ni kiangazi kama Dar utakutana na tope.

Ila Juni na Julai jiandae na baridi. Makambako, Njombe, Mbeya na Lushoto zina baridi ya kweli, ile ya asubuhi unaongea mvuke unatoka mdomoni. Sweta zito usiliache.

Niende peke yangu au na mwenzangu?

Vyovyote. Mkiwa wawili chumba mnagawana na choo cha stendi mmoja anashika mabegi. Ukiwa peke yako watu wanakuongelesha zaidi. Kwa wanawake kuna swali lake chini.

## Hela

Nauli zote kwa jumla ni sh ngapi?

Hapa watu wengi wanashangaa. Nauli za mikoani zinapangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, kwa kilomita, na kwenye viwango vilivyoanza Desemba 2023 daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati ni 67.84. Piga hesabu: kilomita 4,000 mara 48.47 unapata kama laki moja na tisini na nne. Mzunguko wangu ulikuwa mrefu kidogo ya hapo, na kuna vipande nilipanda daraja la kati maana miguu yangu ni mirefu, lakini unaona picha, nchi nzima kwa nauli ni laki mbili na kitu. Viwango hubadilika, angalia vya sasa kabla hujapanga bajeti.

Kinachokula hela ni kulala na kula. Ndio maana kukimbia hakuokoi chochote: siku ya kusafiri unalipa nauli, bodaboda mbili, chakula cha barabarani na gesti, siku ya kukaa unalipa gesti na ugali.

Kwa siku niweke sh ngapi?

Mimi nilijipa 35,000 kwa siku, nauli ikiwemo, na ilitosha. Gesti nilizolala mikoani zilikuwa 15,000 mpaka 20,000, chumba safi na choo ndani, nyingine 10,000 choo cha nje. Chakula kwa mama ntilie ni elfu mbili mpaka nne ukiwa na samaki au nyama. Arusha, Moshi na Mwanza zilinivuta juu kidogo, Tabora na Mpanda zikanirudishia. Weka pembeni laki moja ya dharura na usiihesabu kabisa kama hela ya safari.

Hela nibebe mkononi au kwenye simu?

Kwenye simu, na mkononi ya siku mbili. Mawakala wapo kila mahali lakini wakala wa kijijini anaweza kukosa salio au kukosa taslimu, hasa jioni, kwa hiyo toa mjini kabla hujaingia kijijini. Laini mbili za mitandao tofauti zinasaidia. Na hela ya mkononi igawe: ya nauli mfukoni, nyingine ndani kabisa ya begi kwenye soksi.

Bila hela ya mbuga sitaona wanyama?

Utaona. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na kupita na basi hulipi kiingilio. Ujanja ni kulala Morogoro ili upite asubuhi mapema, maana ukitoka Dar unafika pale jua kali na wanyama wako kivulini. Mimi nilipita bado kuna ukungu kidogo, basi likapunguza mwendo, twiga watatu wamesimama hatua chache tu na lami, mmoja ana jani limening'inia mdomoni anatutazama na hatafuni. Basi zima kimya, mpaka konda.

Sehemu ya pili ni Sitalike, kabla ya Mpanda ukitokea Sumbawanga, ukingoni mwa Hifadhi ya Katavi. Shuka hapo ulale. Mto Katuma unapita kijijini na wakati wa kiangazi maji yakipungua viboko wanajazana kwenye tope wamebanana, unawasikia wakikoroma usiku ukiwa kitandani. Usiwasogelee, na ikifika jioni usitembee kando ya mto kwa sababu yoyote ile.

## Njia

Nizunguke upande gani, kusini kwanza au kaskazini kwanza?

Kusini kwanza. Kipande cha magharibi, Sumbawanga mpaka Tabora, ndio kigumu na ni vizuri kikukute bado una nguvu. Halafu mwisho wa safari uwe Lushoto na Tanga, milima ya baridi na mji wa pwani uliotulia, mwili unapumzika kabla ya kurudi kwenye foleni za Dar.

Miji gani nisiiruke hata nikiwa na haraka?

Iringa. Ukitoka Mikumi unapita bonde la mibuyu kisha Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye magunia mekundu, halafu basi linaanza kupanda Kitonga, malori yanatambaa, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na ukifika juu hewa imebadilika kabisa. Mjini kwenyewe kaa siku tatu. Kuna Isimila, kama kilomita 20 nje ya mji kwenye barabara ya Mbeya, zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Kuna Kalenga, makumbusho yenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kote unafika kwa usafiri wa kawaida wa daladala na bodaboda.

Tukuyu, saa mbili hivi kutoka Mbeya. Kijani kila upande, migomba na chai, mvua wakati wowote. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira ni mwamba wa asili uliolala juu ya maji. Ukiwa na siku mbili za ziada teremka mpaka Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, na ule wali wa Kyela huko huko unakolimwa.

Kigoma, kwa sababu ya ziwa, migebuka ya kuchoma na Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini mimi Ujiji nilipenda mtaa wenyewe kuliko mnara, nyumba za zamani, miembe mikubwa, wazee barazani.

Kolo, kati ya Kondoa na Babati. Michoro ya miambani iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na sasa ni rahisi kufika kwa sababu Dodoma mpaka Babati ni lami yote. Ulizia ofisi ya mambo ya kale pale pale Kolo upewe mwenyeji wa kukupandisha.

Na Lushoto. Unashuka Mombo, unapanda gari dogo kilomita 33 za kona. Kaa utakavyo, mimi nilipanga siku mbili nikakaa sita.

Huko magharibi barabara zipo kweli?

Zipo, hali si kama miaka ya nyuma hata kidogo, lami imefika sehemu nyingi ambazo zamani ulikuwa unalala njiani. Tofauti ni idadi ya mabasi. Iringa kwenda Mbeya ukikosa hili unapanda lile. Mpanda kwenda Kigoma yanaweza kuwa machache na yote yanatoka alfajiri, ukichelewa umelala siku nyingine. Kwa hiyo ukishuka tu mji wa magharibi, kabla hujaenda gesti, uliza pale pale stendi basi la kuendelea linatoka saa ngapi na siku gani.

Jambo la pili ni vizuizi. Mikoa ya mpakani kama Kigoma na Kagera maofisa wa uhamiaji wanapanda kwenye basi kukagua. Beba kitambulisho cha NIDA, ukiwa mgeni beba pasipoti, na kiwe mfukoni, usikiache kwenye begi lililoko kwenye buti.

## Tiketi, stendi na siti

Tiketi ninunue lini, wapi?

Siku moja kabla, ofisini kwa kampuni au kwenye programu yao ya simu kama wanayo. Siku moja kabla unachagua siti, asubuhi ya safari unapewa iliyobaki. Hakikisha tiketi ni ya kielektroniki, ina jina lako, tarehe, namba ya siti, namba ya gari na nauli uliyolipa kweli. Mimi niliwahi kuuziwa siti ambayo mama mmoja mwenye mtoto alikuwa ameshauziwa, na aliyebaki salama ni yule mwenye tiketi iliyokamilika. Mimi yangu ilikuwa kipande cha karatasi cha kuandikwa kwa kalamu, nikasimama mpaka mji uliofuata.

Kuna wakati siku moja haitoshi: Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi mabasi ya kwenda Moshi na Arusha yanajaa watu wanaokwenda kula sikukuu nyumbani, na Januari yanajaa kurudi. Wakati huo msafiri wa taratibu akae upande mwingine wa nchi.

Stendi ziko wapi? Naambiwa zote zimehamia nje ya mji.

Nyingi, ndio. Dar ni stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, tangu 2021. Morogoro ni Msamvu, Dodoma ni Nanenane, Tanga ni Kange, Mwanza zipo mbili, Nyegezi na Nyamhongolo, na ukikosea kati ya hizo mbili uko upande mwingine kabisa wa jiji. Kila ukikata tiketi uliza "napandia stendi gani?" hata kama unadhani unajua. Na weka hela ya bodaboda au daladala ya kutoka stendi hadi mjini kwenye bajeti, watu wanaisahau.

Wapiga debe wananitisha, nifanyeje?

Wengi wanatafuta riziki yao, hawana ubaya. Salimia, sema "nimeshakata, asante", endelea kutembea. Begi usimpe mtu alibebe hata kwa hatua tatu. Ukiwa hujakata nenda mwenyewe mpaka dirisha la ofisi, ukipelekwa kwa mkono mara nyingi kuna elfu mbili tatu zimeongezwa njiani.

Tiketi imeandikwa saa 11:00, ni alfajiri au mchana?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Mashine nyingi zinaandika saa za kizungu, 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Lakini karani akiandika kwa mkono au akikwambia kwa mdomo anatumia saa zetu, na "saa 11" yake ni alfajiri, giza bado. Rudia kwa sauti mbele yake: "saa kumi na moja alfajiri, kesho, sio?" Wapo watu wamefika stendi saa tano asubuhi basi lao likiwa limeshapita mikoa miwili.

Siti gani nzuri?

Katikati ya basi, mbele ya tairi za nyuma. Nyuma kabisa unarushwa kila tuta, na siti ya mbele kabisa sikushauri kwa sababu za usalama. Mabasi ya daraja la kawaida ni siti mbili kwa tatu, daraja la kati ni mbili kwa mbili, tofauti ya nauli iko hapo juu kwenye swali la nauli.

Halafu kuna jua, hili hakuna anayekufundisha. Katikati ya mwaka, Juni na Julai, jua letu linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Kwa hiyo ukitoka Dar kwenda Mbeya mwezi wa saba, unaelekea kusini magharibi, jua la mchana liko kulia kwako mpaka jioni, kaa kushoto. Desemba adhuhuri linahamia kushoto. Ukikaa muda wa saa saba dirishani na jua limekukalia shavu moja utajuta.

Basi kubwa au Costa?

Vipande virefu basi kubwa. Vifupi kama Mbeya kwenda Tukuyu au Arusha kwenda Moshi panda Costa, unapanda unapofika, hukati tiketi jana. Ila Costa linaondoka likijaa, usipange miadi ya kufika saa fulani.

Si basi la usiku linaokoa hela ya gesti?

Linaokoa 15,000 na linakunyang'anya nchi. Mabasi ya usiku yalizuiwa tangu miaka ya 1990 yakaruhusiwa tena Oktoba 2023, na kwa mtu anayewahi msiba au kazi ni msaada mkubwa sana, sina neno. Lakini wewe umetoka kwenda kuona. Usiku Kitonga ni taa za malori tu. Juu ya hapo utafika saa tisa usiku mji usioujua, na kesho yake utalala mchana mzima kwenye gesti ile ile uliyokwepa kuilipia.

## Ndani ya basi

Begi liwe kubwa kiasi gani na likae wapi?

Lita 40 mwisho, ili uweze kulishika mapajani au kulisukuma chini ya siti ikibidi. Likienda kwenye buti, lifunge ndani ya kiroba cha sandarusi, na uone kwa macho yako likiwekewa namba. Mimi sikufunga, kati ya Kigoma na Tabora dumu la mawese la abiria mwingine likapasuka. Kila nguo ikawa ya rangi ya chungwa, na harufu sikuitoa mpaka nimefika Dodoma. Mwenye dumu alikuwa mama mtu mzima, alilia kuliko mimi maana ndio ulikuwa mtaji wake.

Simu, hela, kitambulisho, dawa na chaja ya akiba vikae kwenye kibegi kidogo cha kifuani, hicho hakitoki mwilini hata ukienda kuchimba dawa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo nguo zifunge kwenye mifuko ya kitambaa.

Nitakula nini njiani?

Basi husimama sehemu moja ya chakula, dakika 15 au 20, foleni ndefu, chipsi kuku kwa bei ya juu. Mimi nilinunua vya dirishani: mayai ya kuchemsha, karanga, mahindi ya kuchoma, machungwa ukipita Muheza. Shika chenji ndogo ndogo mkononi kabla basi halijasimama, maana likianza kuondoka muuzaji anakimbia nalo na hapo mmoja wenu atadhulumika. Tunda lenye ganda kuliko lililokatwa.

Na choo?

Dereva anasimama porini, konda anatangaza kuchimba dawa, wanaume upande huu wanawake upande ule. Dada zangu bebeni khanga, inasitiri vizuri kuliko suruali na wasiwasi. Ukibanwa kabla ya hapo nenda mbele umwambie konda kwa upole na mapema. Usijinyime maji siku nzima kwa kuogopa choo, kichwa kitakuuma na miguu itavimba zaidi. Kunywa kidogo kidogo, na kila basi likisimama shuka utembee.

Kona zinanitapisha.

Kaa mbele ya katikati, tazama mbali mbele, simu weka chini, usipande tumbo tupu wala tumbo limejaa. Tangawizi inasaidia. Kipande kibaya ni Mombo kwenda Lushoto, ila ni kifupi.

## Kulala

Gesti napataje bila kuweka nafasi?

Fika kabla ya saa kumi jioni, hiyo ndio siri yote, na ndio sababu nyingine ya kufanya siku fupi. Zilizo mlangoni mwa stendi zina kelele tangu saa tisa usiku mabasi yakiwasha injini, tembea dakika kumi. Uliza mama ntilie uliyekula kwake, mara zote alinipeleka sehemu ya heshima.

Omba kuona chumba kabla ya kulipa. Angalia mambo haya: kitasa kinafunga, maji yanatoka, neti haina matundu. Neti ni ya lazima, malaria huku haichagui msafiri. Ukikaa usiku tatu omba punguzo, kwa adabu, mara nyingi utapata. Utaandikishwa kwenye kitabu cha wageni, jina, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, ni utaratibu wa kawaida usihofu.

## Usalama

Mwanamke peke yake anaweza?

Anaweza, na nimekutana nao njiani. Waliyoniambia ni haya: kata siti na umwombe karani akuweke karibu na mama, wengi wanakubali bila maneno. Ukishuka muamkie mama yeyote mwenye kibanda, "shikamoo mama, naomba kuuliza gesti nzuri ya familia", ukishaamkia umekuwa mtoto wa mtu pale. Asiyeeleweka akikuuliza umefikia wapi, jibu una mwenyeji anakuja kukupokea. Na swali la gesti hapo juu, la kufika mchana, kwenu ni sheria.

Jirani wa siti akinikaribisha chakula nikubali?

Hili linaniuma kidogo kulijibu, kwa sababu kula pamoja ndio utu wetu. Lakini watu wameleweshwa dawa kwenye biskuti na juisi wakaamka hawana kitu. Mimi nakubali kile ninachokimenya mwenyewe au anachonunua dirishani mbele ya macho yangu, na chupa iliyofunguliwa nakataa kwa kusema tumbo linasumbua. Na mimi pia nikikaribisha natoa chungwa zima, nisimtie mwenzangu kwenye wasiwasi.

Dereva akikimbiza gari?

Basi mwisho ni kilomita 80 kwa saa, kwenye makazi 50. Likizidi sema, anza na konda, na ukianza wewe abiria wengine wataungana nawe, nimeona mara mbili. Ukiona bado, trafiki njiani wako wengi, na namba za LATRA zimebandikwa ndani ya mabasi mengi. Mkanda funga hata kama hakuna mwingine aliyefunga.

## Ya mara moja moja

Basi likiharibika porini?

Shuka, kaa mbali na lami upande wenye kivuli, mzigo wako uuone. Subiri saa moja bila kelele. Kama fundi bado anakuna kichwa, abiria muungane mdai gari lingine au nauli ya kilomita zilizobaki, mmoja mmoja hamtasikilizwa. Tiketi usiitupe. Giza likikaribia panda gari lolote la abiria linaloelekea mji wa karibu, ulale.

Mvua zimekata barabara, nafanyaje?

Unakaa ulipo. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar kwenda Lindi upande wa Somanga, watu wakakwama siku kadhaa na magari barabarani. Aliyekuwa mjini alikuwa na kitanda. Ukisikia habari ya daraja kuondoka usipande kwa matumaini.

Mbona kusini, Lindi mpaka Songea, hujaiweka?

Kwa sababu inastahili safari yake. Dar, Kilwa, Lindi, Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, halafu unatokea Njombe na Makambako, lami imefika. Magofu ya Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, peke yake yanataka siku mbili. Ukiwa na wiki nane unganisha, anzia huku halafu uingie kwenye mzunguko wangu pale Makambako, kati ya Iringa na Mbeya.

Nikichoka na mabasi kabisa?

Badilisha chombo kwa siku moja. Dar, Morogoro na Dodoma kuna treni ya SGR tangu 2024. Kigoma na Tabora zina reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma 1914, inakwenda polepole na stesheni zake zina chakula kizuri. Ukiwa Mwanza panda gari tu uvuke daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, limefunguliwa Juni 2025. Shuka upande wa pili, uliza wavuvi sato wa leo.

Nikiugua katikati ya safari?

Homa yoyote, pima malaria siku hiyo hiyo, zahanati zipo hata miji midogo. Usimeze dawa kwa kubahatisha ukaendelea na basi. Ongeza siku gesti, mwambie mhudumu kwamba unaumwa ili aje kugonga mlango asubuhi. Mimi nilishikwa Tabora siku nne. Binti wa mapokezi alikuwa ananiletea uji saa moja kila siku, siku ya kuondoka nikamuuliza deni langu la uji ni kiasi gani, akasema, "Kaka, ukifika kwenu nipigie tu nijue umefika." Nilimpigia.